Mazuku ya Mzee Gakwaya

Katika kijiji kimoja cha Cyanzarwe, kilichosogeleana na mpaka wa Kongo hivi kwamba jogoo wa upande ule huwaamsha watu wa upande huu, mtu akitaja "bwana ya misambi" kila mmoja alijua anayesemwa ni Gakwaya. Alijua pia kwamba hasemwi kwa wema.

Musambi ni korongo mrefu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani na mwendo wa maringo. Wageni humsifu. Mkulima hana nafasi ya kumsifu, kwa sababu ndege huyo huyo hushuka shambani siku ya pili baada ya kupanda, akafuata mstari na kufukua punje za mahindi moja moja, taratibu, kana kwamba alipandiwa yeye. Ukimfukuza, sheria ipo. Ukimuua, sheria ipo kali zaidi. Na macho ya sheria pale kijijini yalikuwa ya Gakwaya, mzee wa miaka hamsini na tisa, koti la kijani mwilini, darubini shingoni, daftari kwapani. Kila Ijumaa alishuka Gisenyi mjini hadi Nengo, kwenye ofisi ndogo ya shirika la kuhifadhi ndege, kupeleka taarifa ya kinamasi chake.

Taarifa zilikuwa zinazidi kuwa fupi. Alipoanza kazi, miaka sita nyuma, kinamasi kilikuwa na misambi kumi na mmoja. Sasa walibaki wawili, dume na jike, na siku mbili kabla ya Noeli waliangua makinda wawili. Nishimwe, daktari wa wanyama wa lile shirika, alimweleza mzee bila kuzunguka: hao wanne wakipona, kinamasi kina uhai, wakifa, hakuna jozi nyingine itakayokuja. Makinda walihitaji miezi mitatu ili waweze kuruka. Gakwaya akawa anazihesabu siku.

Msidhani mtu huyu alizaliwa mtakatifu. Mwishoni mwa miaka ya tisini, familia zilipokuwa zimerudi kutoka Kongo mikono mitupu, aliishi kwa kuiba makinda wa misambi viotani na kuwauza kwenye majumba ya Nengo, kando ya ziwa, ambako wenye nacho walipenda kuona taji likitembea bustanini. Manyoya ya mabawa aliyakata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea wa mke wake Béata, na ndege akawa wa bustani mpaka kufa. Ilipoanza kampeni ya kuwakusanya ndege wale na kuwarudisha porini, Nishimwe alipanda Cyanzarwe kumtafuta mwizi. Alimkuta mzee anayejua kila kiota na kila mlio, akaona afadhali amwajiri kuliko kumshitaki. Hapo ndipo majirani walipoanza kumchukia, maana mwizi walimzoea, mlinzi hawakumzoea.

Lakini kitu alichokijua Gakwaya kuliko ndege kilikuwa mazuku.

Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, karibu na Sake, ambako ardhi ya volkano hupumua. Hewa mbaya hutoka chini, haina rangi wala harufu, nzito, na hutuama kwenye mashimo kama maji. Ndiyo mazuku. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, mbuzi akishuka humo hapandi tena. Gakwaya akiwa na miaka tisa alimwona kaka yake Cyiza akishuka kumfuata mbuzi. Alimwona akipiga magoti, akalala ubavu. Watu wazima walimshika Gakwaya asimfuate. Baba yao alifunga nyasi kavu kwenye ncha ya mwanzi, akaziwasha, akaziteremsha shimoni. Moto ulifika nusu ya njia ukazimika. Walingoja mpaka saa nne, upepo ulipokuja, ndipo wakamtoa Cyiza. Hakuwa na jeraha hata moja, na hilo ndilo lililomtesa Gakwaya maisha yake yote, kwamba kaka yake alikuwa mzima wa kutazama.

Sasa, Alhamisi moja ya Februari, siku mbili baada ya wanawake kupanda, Gakwaya alikuwa anaelekea kinamasini. Kati ya shamba la Béata na maji kuna shimo la mawe meusi ya volkano, refu kupita kimo cha mtu, ambalo chini hukusanya maji ya mvua. Aliona njiwa saba na kwarara mmoja wamelala humo, wengine pembezoni mwa maji, wengine vichwa majini. Hawakuwa na damu, wala unyoya uliong'oka.

Alisimama hatua kumi mbali na miguu ikakataa kwenda mbele. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu hakuona unyasi, aliona shimo lenye maiti zisizo na jeraha. Zaidi ya hayo, tangu volkano ilipolipuka mwaka 2021 na ardhi kupasuka mpaka katikati ya mji wa Gisenyi, nani angebisha kwamba ufa mwingine ungeweza kufunguka hapa?

"Mazuku," alisema kwa sauti, peke yake. Aligeuka akamwona Béata amesimama nyuma yake na jembe begani, mdomo wazi kama aliyetaka kusema jambo. "Mama Umwali, rudia huko! Usifike hapa. Ni ile kitu ilikula Cyiza." Sauti yake ilikatika. Béata alifunga mdomo, akarudi nyumbani.

Gakwaya alichukua mwanzi mrefu, akafunga waya uliopindwa kwenye ncha, akawavua wale ndege mmoja mmoja akiwa amesimama upande wa upepo. Halafu akawazika papo hapo. Kwao ndivyo walivyofundishwa: alichokiua mazuku hakiliwi, hakibebwi, hakiingizwi nyumbani.

Nishimwe alifika mchana kwa pikipiki. Alikuwa binti wa watu waliorudi kutoka Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka, na adabu zake pia.

"Mzee, ungenibakizia hata wawili. Ningewaweka kwenye barafu, tukawapeleka maabara Kigali."

"Mwanangu, kitu mazuku imeua hatubebake. Nimesha kuzika."

"Naelewa. Lakini njiwa wanaokufa pamoja msimu wa kupanda, mimi kwanza huwaza sumu."

"Sumu!" Gakwaya alicheka bila furaha. "Mi nilizaliwa, nikakomalia juu ya mazuku. Ilikula ndugu yangu, mi naangalia. Bon, we uko na vitabu, mi niko na macho. Hii haiko sumu."

Nishimwe alilitazama shimo, akamtazama mzee, akaona macho yake yamejaa. "Sawa, Mzee. Unaijua ardhi hii kuliko mimi." Akaandika mazuku. Heshima ni kitu chema, lakini siku ile ingekuwa heri yule binti angekosa adabu kidogo, akafukua.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kijiji kizima kilikutana kwa umuganda, kazi ya pamoja ya kuzibua mitaro. Kazi ilipokwisha, watu walipoketi kwenye majani kusikiliza matangazo, Gakwaya aliomba neno. Miaka sita alikuwa akiomba neno na watu wakiamka kujikung'uta makalio. Siku ile aliwaeleza shimo, aliwaeleza Cyiza, akawaambia mtu yeyote akiona ndege amekufa pale asishangae wala asiguse, amwite yeye. "Mi nitaandika ku shirika kwamba ni mazuku," alimaliza. "Hakuna mutu atauliziwa kitu."

Wanawake wa kikundi cha mahindi walitazamana. Kisha aliyesimama alikuwa Murekatete, kiongozi wao, mwanamke mwenye ulimi unaomenya viazi, yule yule aliyewahi kumwambia Gakwaya mbele ya kanisa kwamba misambi wake wakimaliza mahindi wataanza kula watoto.

"Muzee," alisema taratibu, "tunashukuru. Tumeelewa."

Na si maneno tu. Jioni ile ile alileta mwenyewe matawi ya miiba, yeye na wenzake, wakalizungushia shimo lile. Siku zilizofuata Gakwaya aliona maajabu. Watu walimsalimu kwanza. Mmoja alimletea kibuyu cha pombe ya mtama. Mzee mmoja aliyekuwa hamsemeshi alimshika bega akamwambia, "We ni mutu muzuri, kumbe." Gakwaya alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Alidhani msiba wa Cyiza, baada ya nusu karne, umemletea watu.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na baridi. Béata alikuwa anasugua viganja vyake kwa majivu, akavisuuza, akavisugua tena. Kuku wake, ambao siku zote walizurura mpaka shambani, alikuwa amewafungia ndani.

"Kuku imekosa nini?" Gakwaya aliuliza.

"Si umesema kuko mazuku?"

"Mazuku iko mu shimo, haiko mu lupango, hapa nyumbani."

Béata hakumtazama. "Baba Umwali, kama umesema ni mazuku, basi ni mazuku." Akampakulia viazi. Yeye mwenyewe hakula.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Baada ya umuganda vifo viliongezeka. Kunguru wanne. Njiwa wasiohesabika. Mbwa wa jirani aliyekula kunguru. Na haikuwa tena shimoni tu; walikutwa kwenye mitaro, kwenye kingo za mashamba ya mbali, chini ya mikaratusi. Kila mara watu walimwita Gakwaya, wakasimama na mikono nyuma, wakangoja atamke. Alitamka. Alijieleza mwenyewe njiani kwamba ardhi imepasuka sehemu nyingi, kwamba gesi inatambaa. Aliandika mazuku, akazika. Usingizi ulianza kumkimbia, maana makinda walikuwa wamefikisha wiki ya kumi na moja. Walikuwa wakikimbia kwenye majani na kupiga mabawa, wanainuka kiasi cha goti, wanaanguka. Siku kumi tu, alijiambia. Siku kumi Mungu anipe. Kila alfajiri alisimama kati ya shimo na kinamasi ili familia ile isisogelee mahali alipodhani kifo kinakaa.

Jumanne ya tatu ya Machi alimkuta dume amekufa.

Hakuwa shimoni wala mtaroni. Alikuwa juu kabisa ya kilima, mahali pa wazi ambapo upepo wa ziwa haupumziki mchana wala usiku, amelala kifudifudi, mabawa yamefunguka, taji limelalia udongo. Gakwaya alipiga magoti. Alilia, na sioni sababu ya kumfichia. Halafu upepo ukampeperushia kofia, akanyamaza, akabaki anaitazama kofia ile inavyobingirika.

Mazuku haipandi kilima. Mtoto wa Sake anajua hilo kabla hajajua kusali.

Alimbeba ndege mpaka kwenye lile shimo la kwanza. Akaondoa miiba. Akafunga nyasi kavu kwenye ncha ya mwanzi, kama baba yake, akawasha, akauteremsha moto. Ilikuwa bado asubuhi, upepo haujafika bondeni, saa ya mazuku hasa. Moto ulipita mdomo wa shimo. Ukapita nusu. Ukafika juu ya maji, ukawaka. Uliwaka vizuri, moto mzuri wa kupikia, ukaendelea mpaka nyasi zikaisha na mwanzi wenyewe ukaanza kushika. Gakwaya hakuwahi maishani kutamani kitu kama alivyotamani moto ule uzimike.

Akashuka mwenyewe. Miguu iliyokataa mwezi mzima sasa ilimtii. Akaketi chini kabisa kando ya maji, akavuta pumzi, akatoa, akavuta tena. Hewa ilikuwa hewa.

Alipopanda juu alitoa kisu. Ndege ana kifuko shingoni anamoweka chakula kabla ya kukisaga, Gakwaya alikipasua. Punje za mahindi zilimwagika kiganjani, nyingi, nzima, zenye rangi ya waridi iliyokoza ambayo haimo kwenye hindi lolote aliloliumba Mungu. Hiyo ni rangi ya mbegu iliyopakwa dawa. Na alikuwa ameiona tayari kwenye viganja vya mke wake, siku ile alipovisugua kwa majivu.

Béata alikuwa jikoni anamenya viazi. Gakwaya aliweka punje zile juu ya meza ndogo, mbele yake. Béata alizitazama, akaweka kisu chini.

"Iko ipi?" aliuliza.

"Dume."

"Ayii, Mana yanjye, Mungu wangu." Alijifunika uso kwa kitenge, kisha akakiondoa. Alipoanza kusema hakulia. "Musimu ulipita nilipanda mara tatu. Mara tatu, Baba Umwali! Misambi yako ikatosha mbegu yote mu udongo, ikakula. Na we ukaandika mu daftari yako: misambi imekula vizuri, iko na afya. Mi nilisoma. Murekatete akanicheka mbele ya kikundi, eti kwetu tunakula mushahara ya ndege, basi tusilie mahindi. Nikavuka Goma, nikanunua dawa. Yule muuzaji akaniambia zitakufa mbili, tatu, zingine zitaogopa, zitakimbia."

"Na mbona haukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia! Ile siku ya kwanza, nilisimama nyuma yako pale ku shimo. Niliona ile njiwa, nikaogopa, nikasema leo namwambia. We ukageuka unalia Cyiza. Ukasema mazuku. Ningesema nini? Mutu analia kaka yake, nimuambie hapana, haiko kaka yako, ni mi?"

Gakwaya alitafuta kiti. "Basi ni shamba yetu tu. Tutafukua. Leo tutafukua mbegu yote."

Béata alitikisa kichwa. "Haiko shamba yetu tu. Nilipatia Murekatete kidogo. Halafu, kisha umuganda, wote wakakuja kuomba."

"Kisha umuganda? Mi niliwaambia mazuku, wao wakakuja kuomba sumu?"

"Baba Umwali." Alisema kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa. "Hakuna mutu aliamini ile mazuku. Ni we tu. Wao walifikiri umejua, na umeamua kutuficha. Ulisema mwenyewe, hakuna mutu atauliziwa kitu. Walisema, muzee amepata akili, sasa iko upande yetu. Donc, basi, wakapanda tena bila woga. Kinamasi yote, pembeni yote, iko ile rangi."

Mzee alibaki ameketi. Zile salamu. Kile kibuyu. Ule mkono begani, we ni mutu muzuri kumbe. Tumeelewa, alisema Murekatete, na kweli walielewa, isipokuwa yeye. Aliona aibu, na chini ya aibu, hofu, maana jike na makinda wake walikuwa nje asubuhi ile wakitafuta chakula.

"Ukisema, mi nafungwa," Béata alimwambia alipokuwa anainuka. "We unajua sheria. Njo hiyo kazi yako."

Gakwaya alitoka, akampigia Nishimwe akiwa anatembea. Nishimwe alikuwa Musanze. "Ni mwendo wa saa moja na nusu, Mzee," alisema, sauti imebadilika. "Wazuieni wasiingie shamba lolote. Kusanya watu, simameni kwenye kingo zote mpaka nifike. Makinda hawaruki, kwa hiyo mama yao hatawaacha. Zuieni tu."

Kusanya watu. Gakwaya alikimbilia kwa Murekatete, mlango wa kwanza, akamwambia yote pale uani: sumu, dume, mbegu, njooni tusimame. Murekatete alikuwa anaanika maharage. Alimsikiliza, akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Muzee, ni mazuku. We njo ulisema."

"Mi nilikosea!"

"Hapana, haukukosea." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Ulisema vizuri, na sisi wote tuliitikia. Bibi yako njo wa kwanza kupanda. Usituvurugie. Rudia nyumbani, pumzika, ni huzuni ya ile ndege."

Kwenye mlango wa pili walimwambia hivyo hivyo. Kwenye wa tatu walimkaribisha chai. Hakuna aliyemtukana, na kama wangemtukana ingekuwa nafuu. Walimwonea huruma, wakamlinda dhidi ya ulimi wake mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyetoka.

Alirudi peke yake mbio, kifua kinamuuma. Jike alikwisha kutoka kwenye matete. Alikuwa ndani ya shamba la Murekatete, katikati, anafuata mstari taratibu, na makinda wawili nyuma yake. Gakwaya alipiga kelele. Aliokota bonge la udongo akalirusha, akarusha jingine, akarusha jiwe. Yeye, mlinzi, anawapiga misambi mchana kweupe. Jike aliruka, akazunguka juu ya kinamasi, akawaita wanawe, na wanawe wasiojua kuruka wakakimbia huku na huku kati ya matuta. Basi akatua tena. Gakwaya alimfukuza tena, akatua tena. Mara ya nne alitua vibaya, mguu mmoja ukamkunjika, na hakuinuka.

Kutoka upande wa pili mtu alikuwa anakuja mbio. Ni Béata, kitenge mkononi. Aliingia kati ya matuta, akamrukia kinda mmoja, akamfunika, akaanguka naye kifuani. Kinda wa pili alikuwa amekwenda kando ya mama yake. Alisimama pale, akainamia udongo, akadonoa. Gakwaya alimfikia akiwa bado na punje mdomoni. Akaitoa kwa kidole, akatia kidole tena kooni, akatafuta nyingine. Kinda alimtazama kwa jicho moja la rangi ya majivu. Aliishi mpaka kivuli cha mikaratusi kilipokwisha kujikusanya chini ya miti, halafu akafa mikononi mwake.

Nishimwe alipofika, kijiji kilikuwa kimekusanyika kando ya shamba, kwa maana maiti haikosi watazamaji. Alimpima jike, akamfunga kwenye mfuko. Akampima kinda, akamfunga. Yule aliyekuwa kwenye kitenge cha Béata alimsikiliza moyo, akamfungua mdomo, akamtia kwenye sanduku lenye matundu. "Huyu hajala," alisema. Kisha akasimama, akawageukia watu.

"Nani anaweza kuniambia kilichowaua ndege hawa?"

"Mazuku, mwanangu," alijibu Murekatete, na nyuma yake wengine wakaitikia, wanaume kwa wanawake. Mazuku. Mazuku. Muzee alituonyesha. Walimtazama Gakwaya wote kwa pamoja, na machoni mwao mlikuwa na upendo wa kweli, upendo aliokuwa ameutamani kwa miaka sita.

"Mzee?" Nishimwe aliuliza.

Gakwaya alimtafuta Béata. Alikuwa amesimama peke yake, kitenge kimeloa, mikono imelegea. Hakumtikisia kichwa wala hakumwitikia. Alingoja tu kama watu wengine.

"Haiko mazuku," alisema. "Ni sumu. Iko mu shamba yangu, iko mu hizi mashamba yote unaona. Béata njo aliileta. Mi njo niliifunika. Andika vile."

Murekatete alitema mate chini, polepole, karibu na viatu vya mzee, akageuka. Mwingine akamfuata. Waliondoka mmoja mmoja, bila kelele, na yule mzee aliyemshika bega alipita mbele ya Gakwaya kama anavyopita mtu mbele ya jiwe. Nishimwe alikuwa tayari amechukua simu, anawapigia wanaohusika, huku amewapa kisogo.

Walibaki wawili kando ya shamba. Béata alikunja kitenge chake mara mbili, mara nne, kikawa kidogo.

"Polisi watakuja leo?"

"Leo."

"Na wale wengine je? Wote?"

"Wote, Mama Umwali."

Béata aliangalia njia watu walikopita, nyumba moja baada ya nyingine, milango inafungwa. "Donc mi nitafungwa na wao pamoja," alisema. "We je? We utakaa hapa na nani?"

Nishimwe alimwita Gakwaya amshikie sanduku wakati anafunga kamba kwenye pikipiki, naye akaenda akalishika.